Mtoto wa Kwenye Tangazo Anamlilia Nani?

Oktoba 2025 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika wazi jambo ambalo watu wa mashirika ya misaada walikuwa wakinong'onezana: picha za watoto maskini zilizotengenezwa na akili mnemba zimejaa kwenye maghala ya picha za kununua mtandaoni, na baadhi ya mashirika yameshaanza kuzitumia kwenye kampeni zao. Arsenii Alenichev, mtafiti wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, alikuwa amekusanya zaidi ya picha 100 za aina hiyo. Watoto wamebanana ndani ya maji ya matope. Binti wa Kiafrika yumo ndani ya shela la harusi, chozi limemwacha alama shavuni. Wote hao hakuna aliyewahi kuzaliwa.

Waliozizungumzia picha hizo waligawanyika upesi. Wapo waliosema huu ni utapeli mtupu, kwamba shirika linaloomba fedha kwa uso wa uongo halina tofauti na ombaomba anayejifunga bandeji mguu usio na kidonda. Wapo waliosema afadhali iwe hivyo, maana mtoto ambaye hayupo hawezi kuaibishwa, hawezi kutambuliwa na jirani, na hatakuja kuiona picha yake akiwa na miaka 25 akajifungia ndani. Wote wana hoja, lakini naona wote wanabishana juu ya uso. Tangazo la kulinda watoto lina mambo mawili makubwa kuliko uso: linamwonesha mtazamaji kwamba hatari iko wapi, na linamtuma akafanye nini. Ukiyapima hivyo, matangazo mengi yalipotea njia kabla kompyuta haijajua kuchora. Akili mnemba imekuja kuondoa kizuizi kimoja tu kilichokuwa kimebaki, nacho ni mtu wa kuombwa ruhusa.

Kumtunga mtoto wa kwenye picha ni kazi ya zamani. London ya miaka ya 1870, Thomas Barnardo, mwanzilishi wa nyumba za watoto zilizobeba jina lake, aliuza kadi za picha mbilimbili: mtoto "kabla", mchafu na nguo zimechanika, na yuleyule "baada", amechanwa nywele na anajifunza kazi. Kadi zilileta fedha. Mwaka 1877 wapinzani wake walimfikisha kwenye baraza la usuluhishi, na mojawapo ya tuhuma ni hii tunayoizungumza leo, kwamba umaskini ulioonekana kwenye baadhi ya picha ulitengenezwa studio. Wasuluhishi walimsafisha kwa mengi, lakini kwenye picha walimkemea, wakasema ule ulikuwa utunzi wa kisanii uliowapotosha watu. Barnardo naye alikuwa na utetezi ambao ungeweza kuandikwa leo asubuhi na ofisa yeyote wa mawasiliano: watoto wa namna ile wapo kweli, na picha inawasemea wote.

Linganisha na kipeperushi ambacho mwanaharakati wa Uingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa akikigawa Trafalgar Square, London, mwaka 1919. Mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imenyamaza, lakini Uingereza na washirika wake walikuwa bado wameziba njia za chakula kwenda kwa maadui wao wa jana. Kipeperushi kilikuwa na picha ya mtoto wa Austria wa miaka miwili na nusu, kichwa kikubwa, mwili umebaki mifupa. Kwa picha, hakikuwa tofauti na vingine vyovyote vya kuliza watu. Tofauti ilikuwa kwenye maneno: yalimwambia Mwingereza kwamba kizuizi cha serikali yake mwenyewe ndicho kilichomfikisha mtoto yule hapo, na kwamba dawa ni kufungua biashara ili nchi zile zijilishe. Mahakama ikamtoza faini ya pauni 5. Mwendesha mashtaka, baada ya kumshinda, alitoa pauni 5 zake mfukoni, na hizo ndizo zikawa mchango wa kwanza wa shirika lake la kusaidia watoto, Save the Children, lililoanzishwa mwaka huohuo. Nimejaribu kukumbuka tangazo la siku hizi linalomwambia anayeombwa fedha kwamba serikali yake ndiyo iliyosababisha. Sijalipata.

Baadaye sababu ilichujwa, ikabaki sura. Oktoba 1984 kamera ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzishia kampuni yake ya picha Dar es Salaam, iliipelekea BBC njaa ya Korem, Ethiopia, na kufika Julai 13, 1985 dunia ilikuwa inaimba na kuchanga kwenye tamasha la Live Aid. Fedha zile ziliokoa maisha, na simdharau mtu aliyekwenda kule na kamera begani. Ila vita na maamuzi ya watawala yaliyoifanya njaa ile iue namna ile hayakuingia kwenye picha. Kilichoingia ni mtoto, inzi na macho. Tangu hapo likapatikana kalibu: mtoto mmoja, peke yake, anamwangalia mtazamaji. Ukitaka kutangaza malaria, mimina humo. Ukitaka maji safi, mimina humo. Na ilipofika zamu ya kutangaza ukatili dhidi ya watoto, ukamiminwa humohumo.

Watangazaji si wajinga, na kalibu hilo wanalishikilia kwa sababu linaleta fedha. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti unaonukuliwa mno kwenye fani hii. Watu walipewa dola 5 za Marekani na nafasi ya kuchangia. Waliosomewa habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. Waliopewa vyote kwa pamoja, Rokia na takwimu zake, walitoa 1.43. Yaani kumwongezea mtu maarifa kulipunguza ukarimu wake. Mtengeneza tangazo akishaona hivyo anajua cha kukata. Anamkata mama, anamkata shangazi, anamkata mwalimu na mwenyekiti wa kijiji, maana kila mtu mzima anayebaki kwenye picha anamfanya mtazamaji aliye Manchester au Minneapolis ajiulize, sasa huyu naye anafanya nini? Mtoto anabaki jangwani, na simu ya mfadhili ndiyo mkono pekee unaoweza kumfikia.

Kwa njaa, picha hiyo ina uongo kiasi. Kwa ukatili, ni uongo kutoka juu hadi chini. Chakula kinaweza kutoka mbali na bado kikashibisha, lakini anayemdhuru mtoto hayuko mbali. Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walifanyiwa ukatili wa kimwili. Waliotajwa kuwatenda ni watu wenye vyeo vya kawaida kabisa: jirani, ndugu, mwalimu, mchumba. Na takribani nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu. Watoto hawa hawakai kwenye matope. Wana madaftari, wana viatu vya shule, jioni wanatumwa dukani kununua chumvi. Mtu aliyezoeshwa kwa miaka 40 kwamba mtoto aliye hatarini ana sura fulani, basi huyu wa viatu safi atampita mlangoni kila siku na kumwamkia.

Hapo ndipo naona madhara ambayo hayahesabiwi kwenye ripoti za uchangishaji. Tangazo linaomba fedha, lakini pia linafundisha, na somo lake linafika hata kwa wasiotoa senti. Filamu ya kampeni ya Kony 2012, iliyomhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, ilipotolewa mtandaoni Machi 5, 2012 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya siku sita, kwa ajili ya watoto waliotekwa na kufanywa askari. Ni ushawishi ambao wengi wetu tungeuonea wivu. Siku chache baadaye watu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, walionyeshwa filamu ileile uwanjani. Walikasirika, mawe yakarushwa. Walikuwa wamekuja kuona habari zao wakakuta habari za mtu aliyekuja kuwaokoa.

Turudi kwa akili mnemba, maana hoja ya wanaoitetea inastahili kusikilizwa vizuri. Tawi la Uholanzi la Plan International, shirika la kimataifa la kutetea watoto, lilitoa video mwaka 2023 kupinga ndoa za utotoni, yenye picha zilizotengenezwa: binti mwenye jicho lililovimba, mwanamume mzee, msichana mjamzito. Maelezo yalikuwa kwamba walitaka kulinda faragha na utu wa wasichana wa kweli. Hilo si jambo dogo. Mtoto aliyebakwa hapaswi kuwa bango, na yeyote aliyefanya kazi hii anajua kwamba kuficha macho kwa ukanda mweusi hakumfichi mtoto kwa watu wa mtaa wake, maana wanalijua hata gauni lake. Kama kuna mahali ambapo kutotumia mtoto halisi ni wajibu, ni hapa. Nakubali.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwa kuwa hakuna mtoto, basi hakuna aliyedhurika. Kwanza, mashine haikuota. Ilifundishwa kwa mamilioni ya picha zilizotangulia, na inatapika kalibu lilelile. Alenichev na wenzake waliwahi kuiagiza itengeneze picha za madaktari weusi wakiwatibu watoto weupe, na ikawa karibu kila mara mgonjwa anatoka mweusi hata anapoandikwa mweupe. Picha hizo zinawekwa mtandaoni, na mashine ya kesho itajifunza kwazo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, vita nzima ya mtoto aliyedhuriwa ni kuaminiwa. Anaposimama mbele ya baba mdogo wake, mbele ya polisi, mbele ya hakimu, swali linalomning'inia kichwani ni moja: anasema kweli au ametunga? Umoja wa Mataifa uliwahi kuweka YouTube video iliyoigiza kwa akili mnemba shuhuda za ukatili wa kingono vitani, mmoja wa mwanamke wa Burundi aliyebakwa na wanaume watatu mwaka 1993 na kuachwa afe. Baada ya waandishi kuuliza, video iliondolewa. Ushuhuda ulikuwa na uzito wake, uso haukuwa wake, na mtazamaji akishagundua nusu ya pili hatarudi kuitafuta nusu ya kwanza. Shirika linaloishi kwa kauli ya "waaminini watoto" haliwezi kuchezea hapo. Plan wenyewe wameshatoa mwongozo unaoshauri kutotumia akili mnemba kuonesha mtoto mmojammoja, na nawapongeza kwa kugeuka mapema.

Ila utunzi wenyewe hauna hatia. Mwaka 2002 NSPCC, shirika la Uingereza la kupinga ukatili dhidi ya watoto, lilirusha tangazo ambalo baba wa kweli anampiga mtoto wa katuni, anambamiza, anamtupa, na vicheko vya watazamaji vinasikika nyuma kama kwenye vichekesho vya televisheni. Katuni inainuka kila mara. Mwisho anatupwa kwenye ngazi, na anayelala pale chini ni mtoto wa kweli, hainuki. Hakuna mtazamaji aliyedanganywa hata sekunde moja kuhusu nani amechorwa. Na ona walichokifanya kwenye picha: walimrudisha mtu mzima. Sebule ni ya kawaida, baba ni wa kawaida, nyumba ingeweza kuwa ya mtazamaji. Tangazo hilo nimelitazama mara nyingi kwa sababu za kazi na bado sijazoea kile kicheko.

Nami niliwahi kukaa upande wa pili wa kamera. Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kwa siku tatu kama mkalimani na shirika moja lililokuwa likipiga picha za kampeni katika kijiji cha wilaya ya Pangani. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa mbili, kwa Kiingereza. Nilimfasiria mama mmoja yote, hadi kifungu cha matumizi ya picha "katika vyombo vyote vya habari, duniani kote". Alisikiliza, halafu akauliza swali moja: "Nikikataa, jina la mwanangu litatoka kwenye orodha ya wanaopewa sare?" Niliuliza, nikajibiwa hapana, nikamwambia hapana. Akaweka dole gumba. Kisha akaomba dakika kumi, akaingia na mtoto ndani. Wakatoka mtoto ameoga, magoti yanang'aa mafuta, amevaa kanzu ya Idi iliyokuwa bado na mikunjo ya sandukuni, na kofia ya bulibuli iliyomzidi kichwa. Mpiga picha alimtazama, akanitazama. Akaniomba nimwambie mama, kwa upole, kama mtoto anaweza kurudia nguo za mwanzo.

Nilimwambia. Sikukataa, na sijisifu kwa hilo. Lakini zile dakika kumi ndizo ninazoziona zikipotea kwenye picha za kutengenezwa. Mama yule alikuwa dhaifu mbele ya shirika, ridhaa yake ilikuwa nusu ridhaa, na bado alikuwa na namna ya kusema "mwanangu ndivyo alivyo" ambayo mpiga picha alilazimika kuiona kwa macho yake na kuamua kuikataa. Mashine haina mama wa kuingia ndani na kutoka na kanzu. Unaiandikia "mtoto wa Afrika, huzuni" na inakupa, na ukitaka machozi zaidi inaongeza.

Wapo wanaosema basi tuachane na huzuni kabisa, tuoneshe watoto wanaocheka. Kambi hii nimeipa muda mwingi kuliko inavyostahili. Mtoto anayecheka peke yake kwenye mandhari isiyo na mtu mzima ni kalibu lilelile limepakwa rangi nyingine, na kwa ulinzi wa mtoto lina balaa lake, kwa kuwa mtoto anayeumizwa nyumbani mara nyingi ndiye huyohuyo anayecheka vizuri shuleni.

Mfano ninaoupenda unatoka Hispania. Mwaka 2013 ANAR, taasisi ya kusaidia watoto, ilibandika mabango barabarani yaliyochapishwa kwa namna ya kuonesha picha mbili kulingana na urefu wa macho. Mtu mzima akipita aliona uso wa mtoto na maneno kwamba wakati mwingine ukatili unaonekana na mtoto anayeupata tu. Mwenye urefu wa mtoto wa miaka 10 kurudi chini aliona uso uleule una majeraha, na maneno mengine: mtu akikuumiza, tupigie, tutakusaidia, pamoja na namba ya simu. Mtoto aliyeshikwa mkono na anayempiga angeweza kuusoma ujumbe ule na yule mtu asijue. Wapo waliosema, tena kwa haki, kwamba baada ya habari ile kusambaa hata wanaowapiga watoto walijua bango lina nini. Hata hivyo, lile lilikuwa tangazo lililomchukulia mtoto kuwa msomaji.

Na sisi namba tunayo. Ni 116, bure, Tanzania na Kenya pia. Tuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tuna kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ambazo zilipangwa zishuke hadi kijijini. Kinachokosekana si huruma ya mtu wa mbali. Ni nauli ya ofisa ustawi wa jamii kumtoa mtoto kijijini hadi hospitali ya wilaya kabla ushahidi haujapotea, ni PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali, kujazwa siku hiyohiyo, ni shahidi kurudi mahakamani mara ya nne baada ya kesi kuahirishwa mara tatu. Mambo haya hayapigiki picha, na ndiyo maana hayachangiwi. Kadhalika sheria. Tangazo la binti ndani ya shela na mzee mwenye mvi linaweza kuliza ukumbi mzima bila kutaja kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na kwamba ilihitajika kesi mahakamani, iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019, kusema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Jebb angeiandika sheria hiyo chini ya picha.

Sheria za taarifa binafsi tulizonazo hazitatusaidia sana kwenye hili. Zinauma pale mtoto halisi anapopigwa picha, na zimeshauma: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022. Lakini sheria hizi zinamlinda mwenye taarifa, na mtoto wa akili mnemba hana mwenyewe. Nina hofu kwamba kadiri sheria zitakavyokaza upande huu, mashirika madogo, yakiwemo ya kwetu yanayochangisha kwa M-Pesa na TikTok, yatakimbilia kule kusikotozwa faini. Kwa hiyo wanaotoa fedha ndio wenye nguvu ya kuuliza: kwenye tangazo lenu mtu mzima yuko wapi, na aliyeliona anatumwa wapi zaidi ya kwenye namba ya malipo?

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja nikisubiri kuitwa. Bango la 116 lilikuwepo, limebandikwa juu ya mlango wa chumba cha dawa, sawasawa na macho ya mtu mzima aliyesimama wima akanyanyua kidevu. Chini yake watoto watatu walikuwa wanagombea kofia ya chupa. Nilimuuliza nesi kwa nini wasilishushe kidogo. Akacheka. "Tukilishusha, kaka yangu, watalichana."